Tupeane uzoefu: Parasite ilikukata kicheko sehemu gani?

Wakuu, nazungumzia ile filamu ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, iliyobeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, 2019, kisha Oscar 4 mwaka 2020, ikiwemo ya filamu bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuipata. Kama hujaitazama, pita kwanza, humu tunamwaga kila kitu.

Naanza mimi. Familia maskini ya Kim imeshaingia yote kazini kwa matajiri, akina Park, kwa uongo, wamejimwaga sebuleni kwa mabosi wanakunywa. Mara kengele ya getini. Yule mama, mtumishi wa zamani waliyemfanyia fitina kwa mzio wake wa pichi mpaka akafukuzwa, amesimama kwenye mvua, anatabasamu kwenye kamera. Hajafanya lolote, lakini mwili ulinisisimka.

Mtu wa Pembeni: Mimi nilicheka hata baada ya hapo! Yule mama amejinyoosha hewani kati ya ukuta na kabati anasukuma, mbavu sina. Kabati likasogea, kumbe kuna ngazi, na huko chini mumewe kajificha zaidi ya miaka minne. Mke wangu akanigeukia: "Haya, endelea kucheka."

Dada wa Kazi: Nimefanya kazi za ndani, kwa hiyo mimi kilichonimaliza ni harufu. Mtoto wa bosi alipowanusa dereva na mtumishi wa ndani, yaani baba na mama Kim, akasema wananuka sawa, wenzangu wote waliangua kicheko. Mimi nilinyamaza. Baadaye baba Kim amelala chini ya meza, wanawe pembeni yake, anamsikia tajiri akimwambia mkewe kwamba dereva ananuka kama kitambaa kilichochemshwa. Na hatukani! Anasema kwa upole, kama anayejadili hali ya hewa. Kuna nyumba niliyofanyia kazi, mama alikuwa anafungua madirisha kila nikitoka chumbani. Nilijua anakausha sakafu. Siku hizi sina uhakika.

Fundi Mstaafu: Mafuriko. Nimesoma kwamba mtaa wa akina Kim ulijengwa ndani ya tangi ili waujaze maji, na ile nyumba ya kifahari nayo ni seti. Haikusaidia kitu. Binti kakalia mfuniko wa choo kinachotapika maji machafu, anavuta sigara. Mpaka leo sijui pale nilicheka au nililia.

Mbishi: Mnaikuza. Nusu ya kwanza ni ucheshi wa hali ya juu, kisha mkurugenzi kaleta visu bustanini ili tushtuke. Baba Kim kumchoma bosi hakukuwa na sababu.

Dada wa Kazi: Sababu ipo, kaka. Tazama tena Park anapochomoa funguo za gari chini ya yule mwanamume wa handakini. Anaziba pua. Baba Kim alikuwa anamtazama.

Mbishi: Aisee. Hapo nilikuwa natazama damu.

Wengine leteni. Ila wimbo wa Jessica, ule wa binti Kim kukariri utambulisho wake wa uongo, msiuhesabu, ule kila mtu alicheka.