Ulinganisho: jina la mashine ya gemu lisilokufa na lile linalotamba leo (PS2, PS4, PS5, Switch, Sega, Xbox)

mzee_wa_kaseti
Wakuu, nyuzi za "ipi kali" zinaishia kwenye matusi kwa sababu watu wanabishania mambo mawili kana kwamba ni moja. Kuna jina lililoshika zama, na kuna mashine inayouzika wiki hii. Tutenganishe.

Jina lililoshika zama, kwanza, linaitwa hata pale lisipohusika. Marekani miaka ya 1980 wazazi waliita "Nintendo" mashine yoyote ile, mpaka kampuni yenyewe ikatoa tangazo la kuwataka watu waache, isije ikapoteza haki ya jina lake. Huku kwetu neno ni PS, yaani PlayStation ya Sony: banda likiwa na Xbox ndani bado ni banda la PS. Pili, limeigwa na mshindani. Ule msalaba wa kushoto kwenye padi ulibuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa ajili ya gemu ya mkononi ya Game & Watch ya Donkey Kong, 1982; leo nitafutieni padi isiyokuwa nao. Tatu, mashine inachezwa miaka mingi baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza.

Inayotamba kipimo chake kifupi: gemu mpya zinatoka kwake, vipuri vipo, na wenzako wako huko.

Kura yangu ni PS2 kwa jina na PS4 kwa kutamba huku kwetu. Si PS5. Nipingeni.

Zuhura_Padi
Ongeza kipimo cha nne mkuu: kughushiwa. Mnazikumbuka zile PolyStation? Gamba la PlayStation ya kwanza kabisa, kifuniko cha duara juu. Ukikifungua hakuna mahali pa CD, kuna tundu la kaseti. Ndani ni nakala ya Famicom, mashine ya Nintendo ya 1983, ya kaseti za pini 60, imevishwa nguo za mashine ya 1994. Mchakachuaji alijua mteja ananunua sura. Sijaona aliyehangaika kughushi sura ya Wii U, ile ya Nintendo isiyouzika.

Na zile alama nne za padi: Teiyu Goto wa Sony alizipa maana. Pembetatu ni mtazamo, mraba ni karatasi ya menyu, duara ni ndiyo, msalaba ni hapana. Ndiyo maana kwenye gemu za Kijapani duara lilikuwa la kukubali, wakati nje ya Japani ikageuzwa. PS5 ndiyo iliyofanya msalaba kuwa wa kukubali dunia nzima.

FundiStiki
Nakubaliana na PS2 lakini msiache namba nje. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, Sony wameacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na zimeuzwa zaidi ya milioni 160. Nintendo DS milioni 154. Switch, ya Nintendo pia, nayo imeshapita milioni 150. Kwa hiyo ukisema "jina" ukiwa unamaanisha mauzo, Switch iko mlango mmoja na PS2, na huku mitaani haijulikani kabisa.

mzee_wa_kaseti
Ndiyo hoja yenyewe mkuu. Mauzo peke yake hayatoshi. Dreamcast ya Sega ilitoka Japani Novemba 1998, ikafutwa 2001 baada ya kuuza milioni 9 na ushee, na Sega wakatoka kwenye biashara ya mashine moja kwa moja. Ila mtaje mtu yeyote anayekusanya mashine za zamani asiyeitaka. Ilikuja na modemu ndani ya boksi wakati wengine mtandao waliuona kama nyongeza. Sega leo ni jina kubwa lisilo na mashine. Xbox inaelekea njia ya kinyume chake: Microsoft waliacha kutangaza idadi ya mashine walizouza tangu 2015, wanahesabu watumiaji na Game Pass, huduma yao ya kulipia gemu kwa mwezi. Huduma inatamba, boksi linafifia.

Zuhura_Padi
Xbox 360 nayo ilikuwa na nafasi ya kuwa nembo, ikabaki inakumbukwa kwa taa tatu nyekundu zilizowaka ikifa. Mwaka 2007 Microsoft walitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya kurefusha waranti. Joto lilikuwa linachosha viunganishi vidogo vya chipu kubwa, inapoa, inapanuka tena, mpaka mguso unakatika. Wale wa kuipasha kwa hita wanairudisha kwa wiki chache tu, usimlipe mtu pesa ya matengenezo kamili kwa kazi hiyo.

FundiStiki
Turudi kwenye kipimo cha tatu, kuchezwa baada ya kiwanda kuacha, maana hapo ndipo PS2 inawaacha wote. Haitegemei seva ya mtu. Inachokufa nacho ni lenzi ya kusomea CD, na lenzi inaweza kuepukwa: memori kadi yenye Free McBoot (inayoiwezesha mashine kufungua programu zisizo za Sony), kisha programu ya OPL, gemu inasomwa kutoka kwenye flashi au hadi diski. Mambo matatu yanawakwamisha watu hapo:

Mashine za mwisho za SCPH-90000 zenye BIOS (programu ya ndani ya kuwashia) 2.30 hazikubali Free McBoot. Za BIOS 2.20 zinakubali. Namba 90000 ziko za aina zote mbili, kwa hiyo ijaribu kabla ya kulipa.

Tundu la USB la PS2 ni la kasi ya 1.1. Gemu inaanza vizuri, ikifika kwenye video inakwama kwama. Hiyo si flashi mbovu. Ukiwa na PS2 kubwa ya kizamani, adapta ya mtandao na hadi diski ya ndani ndiyo dawa.

Faili likizidi GB 4 halikai kwenye flashi yenye mpangilio wa FAT32, lazima likatwe vipande kwa programu yake au utumie OPL mpya inayosoma exFAT. Na faili likiwa limetawanyika kwenye flashi OPL inakataa. Futa flashi yote, nakili upya moja moja.

Padi yake vitufe vikilegea, fungua. Ndani kuna utepe wa plastiki wenye njia za umeme unaobanwa kwenye bodi na kipande cha sponji. Sponji ikishalala, mguso unapotea. Tabaka mbili za gundi tepu chini ya utepe na padi inarudi.

kijana_wa_Mbagala
Wakuu samahani kuwakatiza. Mtu anayetaka kufungua banda la TV nne achukue ipi? Jina naliheshimu ila ninachotafuta ni wateja.

FundiStiki
Mdogo wangu, PS4 Slim, namba CUH-2000 kwenda juu. Wateja wa banda wanataka mpira, na FC 26 (ile iliyokuwa ikiitwa FIFA) imetoka kwenye PS4 pia. Kwa PS2 mpira uliishia FIFA 14 na PES 2014. Hakuna mteja wa leo atakayelipia kikosi kile, isipokuwa wale wa kukumbuka enzi.

PS4 ina faida moja wengi hawaijui: hadi diski yake ni ya kawaida ya laptop, inchi 2.5. Ikifa unabadilisha mwenyewe. Toa kifuniko cha nyuma, skrubu moja, vuta. Weka mpya. Kwenye flashi tengeneza folda PS4, ndani yake UPDATE, weka faili PS4UPDATE.PUP. Shikilia kitufe cha kuwasha sekunde kama 7 mpaka mlio wa pili, chomeka padi kwa waya, chagua namba 7, ya kusakinisha mfumo upya. Kosa la kila siku: mtu anapakua faili la kusasisha, la takriban nusu GB. Kwa hadi diski tupu unahitaji lile la kusakinisha upya, la takriban GB moja. Majina ya mafaili ni yale yale, ndiyo maana watu wanalaumu hadi diski bure.

Zuhura_Padi
Na nunua za kuingiza CD. CD moja inahamia mashine yoyote, gemu ya kupakua imefungwa kwenye akaunti. PS5 Slim ina kisomaji CD cha kubandika, lakini kikiwekwa mara ya kwanza lazima mashine iwe na intaneti ili vitambuane. Ukikinunua mkononi kwa mtu bila kukijaribu, umejitakia.

Akaunti: Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PSN, mtandao wa PlayStation. Wengi wanafungua ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Chagua moja na ubaki nayo, kwa sababu kadi ya salio ya nchi moja haiingii akaunti ya nchi nyingine. eFootball (mrithi wa PES) ni ya bure na haidai PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony, kucheza mtandaoni, FC inadai.

FundiStiki
Padi ndizo zitakazokula faida yako, si mashine. Stiki ikianza kujiendea yenyewe, ndani ya moduli yake kuna njia za kaboni zilizolika kwa msuguano. Kupuliza na kusafisha ni kwa siku chache. Moduli ya kubadilisha ina nukta 14 za risasi ya kuchomea (solda) za kuchomolewa, kwa hiyo tafuta fundi mwenye kifyonzeo cha risasi, si wa kuchokonoa. Za sumaku hazilikii hivyo, lakini baada ya kuziweka lazima zipimwe upya katikati. Joy-Con za Switch, zile za 2017, stiki yake ni ya kuchomeka kwa utepe, haihitaji risasi, ila uwe na bisibisi yenye ncha ya Y (tri-wing).

mzee_wa_kaseti
Onyo la umeme kwa wanaonunua jina la zamani kutoka kwa ndugu wa ughaibuni. PS4 na PS5 zinapokea volti 100 mpaka 240, hazina shida. PS2 kubwa angalia tarakimu ya mwisho: SCPH-39001 ni ya Marekani, volti 120, inayoishia 3 ni ya Uingereza na 4 ya Ulaya, hizo ni salama kwa soketi zetu. Ya Marekani ukiichomeka moja kwa moja usambazaji umeme wa ndani unaondoka hapo hapo. Tumia transfoma ya kushusha.

Na wanaotafuta mashine za kaseti kwa ajili ya bunduki ya kulenga bata: mtafute na TV ya chogo. Ukivuta kitufe skrini inakuwa nyeusi mara moja, kisha mraba mweupe unatokea palipo na shabaha, na jicho la bunduki linasubiri mwanga huo kwa wakati maalumu. TV bapa inachelewa kuuonyesha, kwa hiyo kila risasi inahesabiwa umekosa.

kijana_wa_Mbagala
Asanteni wakubwa zangu. Basi PS4 nne za CD. Na PS2 moja?

Zuhura_Padi
Moja, kwenye kona, na TV ya chogo kama unayo. Bei yake iwe kwa saa, si kwa mechi, maana hao wa PES 6 hawanyanyuki.