Skejula inatuma imeili mara nne nne, na saa nyingine hairun kabisa. Naombeni msaada

mpitanjia_kodi

Wakuu habari zenu. Nina programu ya wavuti nimeiandika kwa Python (Flask), na ndani yake kuna kazi tatu za kujirudia zenyewe: ya kwanza kila baada ya dakika 10 inaangalia nani anadaiwa kikumbusho na kumtumia imeili, ya pili inafuta mafaili ya muda kila usiku, ya tatu inaandaa ripoti kila tarehe 1 ya mwezi. Nimetumia APScheduler (maktaba ya Python ya kupanga kazi kwa muda, ndo skejula yenyewe), naiwasha humohumo programu inapoanza. Kwenye laptop safi kabisa. Sasa nilivyopandisha kwenye seva, ambako naendesha kwa Gunicorn (inayopokea maombi ya wavuti) yenye woka 4, yaani nakala nne za programu zinazofanya kazi sambamba, watu wanalalamika wanapata kikumbusho kilekile mara nne, tena dakika ileile. Nikiita ile fanksheni ya kutuma kwa mkono inatuma moja tu, kwa hiyo sidhani kama tatizo liko huko.

La pili ndo linanichanganya zaidi, mara mojamoja kazi hairun kabisa, kwenye logi naona onyo tu kwamba imekosa muda wake kwa sekunde 3 na ushee, basi, inasubiri zamu inayofuata. Yaani sekunde 3 tu ndo inasusa kazi?

Wengine naona wanasema hamia Celery (mfumo wa foleni za kazi), wengine cron (kipanga kazi cha Linux) inatosha. Mimi sitaki kusimika mtambo mkubwa kwa ajili ya vikazi vitatu. Nyie mnafanyaje?

seva_haina_usingizi

Woka 4, imeili 4, jibu umeshaliandika mwenyewe mkuu 😀

Gunicorn inazaa prosesi nne, kila moja inapakia programu yako, kila moja inafika kwenye ule mstari wa kuwasha skejula na inawasha ya kwake, na hizo skejula nne hazijuani kabisa. Kwenye laptop una prosesi moja ndo maana hukuliona. Hata hapo laptop ukiwasha debug ya Flask unaweza kuona mara mbili, maana ile ya kujipakia upya ukibadili kodi nayo inaongeza prosesi ya pili.

Ile ya kususa: APScheduler toleo la 3 ina kitu kinaitwa misfire_grace_time na usipokigusa ni sekunde 1. Thredi zake za kufanyia kazi zikijaa (kwa kawaida ni 10), au mashine ikabanwa, kazi ikachelewa kuanza zaidi ya hiyo sekunde, inahesabu muda umepita inaachana nayo. Weka misfire_grace_time=300 na coalesce=True, ya pili maana yake zikilundikana zamu kadhaa inarun mara moja badala ya kuzifululiza zote.

Ila ningekuwa mimi skejula naitoa nje kabisa ya programu ya wavuti. Kazi ya woka ni kujibu maombi ya watu, inaweza kuuliwa na kuwashwa upya muda wowote na Gunicorn yenyewe, sasa unaipaje na majukumu ya saa? Andika skripti moja ya kutuma, halafu kwenye crontab (orodha ya ratiba za cron):

`*/10 * * * * flock -n /tmp/vikumbusho.lock /opt/app/venv/bin/python /opt/app/tuma.py >> /opt/app/logi/tuma.log 2>&1`

Hiyo flock -n inahakikisha kama zamu iliyopita bado inakimbia, hii mpya inaondoka kimyakimya. Na uzuri wake loki (kufuli) inashikwa na kerneli (kiini cha mfumo endeshi), prosesi ikifa hata kwa kupigwa kill -9 loki inaachiwa yenyewe, sio kama zile za kuandika namba ya prosesi kwenye faili halafu faili linabaki na kazi haianzi tena mpaka mtu aje alifute.

njia_fupi

Mbona mnamzungusha. Ongeza --preload kwenye Gunicorn na maisha yanaendelea. Programu inapakiwa mara moja kwenye prosesi mama kabla ya kuzaa woka, skejula inabaki kwa mama peke yake kwa sababu thredi hazirithiwi mama akizaa nakala (fork). Mstari mmoja tu, hugusi kodi.

dada_wa_databesi

@njia_fupi ni kweli inafanya kazi, ila siku akiongeza seva ya pili au kontena ya pili prosesi mama zinakuwa mbili na malalamiko yanarudi palepale. Na mtu mwingine akija akaitoa hiyo --preload bila kujua kazi yake, ndo hivyo tena. Hata cron ya @seva_haina_usingizi ina shida hiyohiyo, flock inalinda mashine moja, haijui chochote kuhusu mashine ya jirani.

Mdogo wangu mpitanjia, kama databesi yako ni PostgreSQL tayari loki unayo bure. Skripti ikianza iulize `SELECT pg_try_advisory_lock(4217)`, namba ni ya kwako mwenyewe kuchagua, ikirudisha kweli endelea, ikirudisha uongo ondoka. Muunganisho ukikatika loki inaachiwa. Angalizo: kama katikati kuna PgBouncer (inayogawia programu miunganisho ya databesi) kwenye modi ya transaksheni usitumie hiyo, tumia pg_try_advisory_xact_lock, maana muunganisho unaodhani ni wako unaweza kupewa mwingine na loki ikabaki imening'inia.

Lakini mimi hata hiyo loki naiona ni nusu ya kazi. Swali la kujiuliza ni hili: hii kazi ikirun mara mbili kuna ubaya gani? Kufuta mafaili ya muda, hakuna, mara ya pili inakuta hayapo. Kutuma imeili, upo. Kwa hiyo iandike kazi yenyewe ivumilie kurudiwa. Tengeneza tebo ya vikumbusho_vilivyotumwa yenye mtumiaji_id, aina, tarehe, weka UNIQUE (hairuhusu safu mbili zinazofanana) juu ya hizo tatu kwa pamoja, na kabla hujatuma fanya `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING`. Safu ikiingia, tuma. Isipoingia, kuna mwenzako kashaichukua, ruka. Hapo hata ziwake skejula kumi mtumiaji anapata moja.

mpitanjia_kodi

Asanteni sana, dada hiyo ya UNIQUE imenifungua macho. Nimejaribu kuanza na cron kama ilivyo hapo juu, ila tuma.py nikiiendesha mwenyewe kwenye tamino inakubali, cron ikiiendesha logi inaonyesha haipati nenosiri la databesi. Faili ni lilelile, yuza ni yuleyule!!

seva_haina_usingizi

Yuza ni yuleyule ila mazingira siyo. Ukiingia kwenye tamino shell inasoma .bashrc, .profile na makorokoro yote uliyoexport humo, cron haisomi hata moja. Inakupa PATH (orodha ya folda za kutafutia programu) fupi, mara nyingi ni /usr/bin:/bin tu, na inaanzia kwenye folda ya nyumbani ya yuza, sio kwenye folda ya mradi. Kwa hiyo anwani za mafaili zote ziandikwe kamili toka mzizi, na hizo siri zako skripti izisome yenyewe toka kwenye faili lake.

Ukitaka kuona kwa macho yako weka kwa muda mstari `* * * * * env > /tmp/mazingira.txt`, subiri dakika, fungua hilo faili ulinganishe na env ya tamino yako. Utashangaa lilivyo jembamba.

Na kabla hujaja kuuliza 😀 alama ya % kwenye crontab cron inaigeuza kuwa mstari mpya, kwa hiyo ukiandika date +%F ndani yake lazima uweke \ mbele ya %. Hiyo imeliza wengi.

mpitanjia_kodi

Imekubali!! Sasa nina maswali mawili. Moja, boss anataka kazi nyingine iwe kila dakika 45, nikiweka */45 ni sawa? Mbili, ripoti ya tarehe 1 nimeweka `30 2 1 * *`, ikitokea seva imezimwa muda huo inakuwaje?

dada_wa_databesi

*/45 itakudanganya. Cron haihesabu dakika tangu mara ya mwisho, inaangalia tu namba ya dakika iliyopo kwenye saa, kwa hiyo itarun dakika ya 0 na ya 45 ya kila saa: unasubiri 45, halafu 15, halafu 45. Zinazogawanya 60 bila baki ndo zinakaa sawa, 5, 10, 12, 15, 20, 30. Ukitaka 45 kamili tumia timer ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) yenye OnUnitActiveSec=45min, au mwambie boss akubali nusu saa, kwa uzoefu wangu hiyo 45 huwa imetajwa tu bila sababu.

Hiyo ya ripoti ndo ya kuangalia zaidi, kwa sababu ikipita imepita. Cron ya kawaida hailipi deni, seva ikiwaka saa tisa usiku haitakumbuka kwamba saa nane na nusu kulikuwa na kazi, utasubiri mwezi mzima. Timer ya systemd ukiiandika kwa OnCalendar na kuweka Persistent=true inatunza muda iliyorun mara ya mwisho, mashine ikiwaka ikaona zamu ilipita inaiendesha hapohapo. Nyingine, hiyo 2:30 ni muda mbaya kama seva iko kwenye saa za nchi inayosogeza saa mbele na nyuma. Zipo nchi ambazo kuna usiku saa inaruka toka 2:00 mpaka 3:00, maana yake 2:30 haipo kabisa, na kuna usiku mwingine inakuja mara mbili. Baadhi ya cron zina ujanja wa kufidia hapo, ila kwa nini utegemee ujanja. Seva iweke UTC (saa ya kimataifa isiyosogezwa), na muda wa mtumiaji ubadilishe ndani ya kodi.

javamtu

Naingilia kidogo, hii sio ya Python ila inaweza kumsaidia atakayepita hapa. Ukitumia ScheduledExecutorService ya Java, scheduleAtFixedRate, kazi ikirusha eksepsheni (kosa) mara moja tu usiyoidaka, zamu zote zinazofuata zinafutwa na huoni kitu kwenye logi, programu inapumua kama kawaida na kazi imeshakufa siku nyingi. Zungushia try/catch mwili mzima. Na wale wa Node, setInterval inashika mpaka milisekunde 2147483647, kama siku 24.8 hivi, ukiipa mwezi mzima inazidi na inageuka kuwa milisekunde 1. Jaribu uone seva inavyochemka.

njia_fupi

Hiyo ya Node siikubali bila kuiona, naenda kutesti

njia_fupi

Nimetesti. Ni kweli 😭

mpitanjia_kodi

Haha. Wakuu la mwisho kabla sijawaacha: kwenye ile tebo, nikishaingiza safu kabla ya kutuma, halafu seva ya imeili ikagoma, si ndo yule mtumiaji hapati kabisa? Nikigeuza, nitume kwanza ndo niingize, prosesi ikifa katikati atapata mbili.

dada_wa_databesi

Ndiyo, hapo huna namna ya kupata vyote, chagua unachoweza kukiishi. Kwa kikumbusho mimi ningeongeza kolamu ya hali: ingiza safu na 'inasubiri', ukishatuma iwe 'imetumwa', na zamu inayofuata ichukue pia zile zilizokaa 'inasubiri' zaidi ya nusu saa na kuzijaribu tena kwa `FOR UPDATE SKIP LOCKED` (shika safu, ruka iliyokwisha shikwa), ili woka wawili wasigombee safu moja. Atakayepata mbili atakuwa mmoja mmoja sana, yule ambaye prosesi ilikufa baada ya kutuma na kabla ya kuandika. Ingekuwa ni kukata hela za mtu ningekwambia fanya kinyume, ikikwama iache hivyohivyo mpaka binadamu aiangalie.

Na weka mahali kazi iandike muda iliomaliza vizuri, kisha kitu kingine nje ya hiyo seva kipige kelele muda huo ukizidi dakika 30 bila kubadilika. Kazi ikifeli kwa kelele utaiona, iliyoacha kurun haikuandikii kosa lolote.

mpitanjia_kodi

Nimeelewa, naanza na kolamu ya hali leo. Skejula ya ndani ya Flask nimeshaing'oa.