Ushuru wa dagaa wangu unaenda wapi?

Mama Dagaa: Habari zenu. Nauza dagaa, kijiji kimoja hapa Kigoma. Kila gunia nakatiwa risiti ya mashine. Nazitunza kwenye kopo la maziwa. Juzi ubaoni kwa mtendaji wamebandika "Matumizi Mengineyo", tarakimu ndefu, basi. Choo cha mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha, hakina mlango, tunazibiana kwa khanga! Mengineyo ndiyo nini?

Mzee wa Ujiji: Mama, hayo ni ya kuendesha ofisi: mafuta, karatasi, posho. Mishahara na miradi vina mafungu yake. Ushuru wako unaingia halmashauri, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo isiyo na riba: wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, wenye ulemavu asilimia 2. Umewahi kuomba? Mlango uulizie mkutano mkuu wa kijiji, kila miezi 3. Mapato na matumizi lazima yasomwe.

Kijana wa Kasulu: Ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, nayo iko mtandaoni bure. Ndefu, lakini tafuta halmashauri yako tu.

Mama Dagaa: Mkutano uliopita nilikuwa naanika. Nije na risiti?

Mzee wa Ujiji: Njoo na kopo zima.