Naomba ushauri: wanachuo hawatoki kwenye simu kipindi kikiendelea

Mkufunzi wa Dozi
Habari za jioni wakuu, hasa walimu wenzangu. Nafundisha famakolojia, yaani somo la dawa na dozi zake, ngazi ya diploma, chuo cha afya huku kanda ya ziwa. Darasa ni kubwa, wanazidi mia, na kipindi ni saa mbili mfululizo baada ya chakula cha mchana. Haipiti nusu saa vichwa vimeinama safu nzima. TikTok, WhatsApp, mpira.

Sekondari jambo hili lina jibu, simu haziruhusiwi. Hawa ni watu wazima, na simu ndiyo kitabu chao: madesa (notisi za masomo) yamo humo, mwongozo wa matibabu umo humo, maktaba yetu ina nakala za kugombania. Siwezi kusema tu "zimeni".

Juzi niliwauliza: mtoto ana kilo 12, anatakiwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe kiasi gani? Jibu ni mililita 7.5. Kuna aliyeandika 75. Hawa ndio watakaowapimia dawa watoto wetu, na mimi ndiye ninayewapitisha. Inanikosesha usingizi.

Mnafanyaje wenzangu?

Chaki Nyeupe
Weka kikapu mlangoni, kila mtu adumbukize simu akiingia. Ufaransa walipiga marufuku kwa sheria tangu 2018. Tusioneane aibu.

Msomi wa Pwani
@Chaki Nyeupe mkuu, sheria ile ya Ufaransa ni ya shule za watoto, si ya vyuo. Na simu mia kwenye kikapu kimoja, moja ikipotea nani analipa? Nimeshuhudia mwenzetu akikatwa mshahara kwa ajili hiyo. Usithubutu.

Mama Ubao
Pole sana mwalimu. Nimefundisha vyuo vya kati muda mrefu, nikupe ninayoyaamini.

Simu iwe ndani ya begi na zipu imefungwa. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walipima watu karibu 800: walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko walioiweka mezani, ingawa zote zilikuwa kimya. Na wenye kompyuta mpakato wakae safu ya nyuma kabisa. Canada mwaka 2013 walipima hilo pia: aliyekaa mahali anapoona kioo cha mwenzake anayeperuzi alipata alama pungufu kwa asilimia 17 hivi. Yaani anayeumia zaidi ni jirani asiye na kosa. Waambie hivyo hivyo, wanachuo wanaelewa hoja ya haki upesi kuliko hoja ya nidhamu.

Halafu kipindi chako ukikate. Saa mbili za kusikiliza tu, mchana, tumbo limejaa, hata mimi ningetoa simu. Ongea robo saa, kisha toa swali kama hilo la parasetamo. Kila mmoja afanye kwenye karatasi bila kalkuleta, abadilishane na jirani, wasahihishane. Huyo wa 75 alisogeza nukta tu, na jirani yake angemwonyesha palepale. Tangaza pia dakika za simu: "sasa fungueni mwongozo, tafuteni dozi ya amoksilini kwa mtoto huyu." Wakimaliza, zinarudi begini. Simu inakuwa na saa yake kama ilivyo na kazi yake.

Mtoto wa Chuo
Shikamoo mkufunzi. Mimi ni mwanachuo, naomba niseme ukweli kwa heshima. Tunatoa simu pale mwalimu anaposoma slaidi neno kwa neno, na tunajua CR (kiongozi wa darasa) ataituma PDF ileile kwenye grupu jioni. Mwalimu anayeuliza maswali hatumtolei simu, tunaogopa kutajwa. Na wengine tuna wazazi wagonjwa au watoto nyumbani, simu ikizimwa kabisa akili inabaki huko.

Mkufunzi wa Dozi
Marahaba mdogo wangu, asante, hilo la PDF limenigusa. Kuanzia wiki ijayo nitatuma slaidi zenye nafasi wazi, hesabu zote zijazwe darasani kwa mkono. Mwenye mgonjwa atakaa karibu na mlango, simu ikitetemeka atatoka bila kuomba ruhusa.

Mama Ubao, swali moja: wakikaidi siku ya kwanza?

Mama Ubao
Kaa na CR kabla ya kipindi, mwandike masharti pamoja, ayasome yeye. Atakayekaidi usimkemee mbele ya watu. Nenda ukasimame karibu na kiti chake, uendelee kufundisha ukiwa pale pale. Na zile karatasi za hesabu zikusanye, uzipe alama za kozi weki, yaani zile za kazi za darasani kabla ya mtihani wa mwisho, hata 5 tu zinatosha. Hakuna anayetaka sapu, yaani kurudia mtihani, ya famakolojia.