Yule "fundi mkuu" amenidhalilisha mbele ya wanafunzi wa fildi kwa sababu ya -lasmrun

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Simtaji, mnamjua: yule wa jaketi jua la saa nane, kikombe hakibanduki mkononi utadhani kombe la dunia.

Siku mbili sijalala. Nina msimbo wa kukokotoa riba, wa lugha ya programu ya OCaml, nataka niuite kutoka kwenye programu ya lugha ya C. Callback.register ya kusajili funksheni nimeweka, caml_named_value ya kuitafuta upande wa C nimeweka, kod.o nimeitoa kwa kompaila ya OCaml, ocamlopt -output-obj. Kukompaili, maji. Kuunganisha sasa: undefined reference to `caml_startup', yaani imeitwa lakini haionekani ilipo. Chini yake caml_call_gc na ukoo wake wote, foleni kama ya mwendokasi Kimara. Na libasmrun.a, maktaba yenye vitu hivyo, ile inayoitwa kwa -lasmrun, ipo! Nimeipiga nm, inayoorodhesha majina yaliyomo, caml_startup imekaa humo na herufi T pembeni yake, yaani imo kweli.

Nikamwita. Akaja na chapati. Hata kukaa hakukaa. Kidole kile kile cha mafuta kikatua kwenye kibodi yangu, akaitoa -lasmrun mwanzo wa amri, akaihamishia mwisho, baada ya main.o na kod.o. Ikaunganika. Akawageukia wale vijana wanne: "Na huyu mnamwita mhandisi."

Na huyu mnamwita mhandisi! Neno moja kasogeza, kaondoka na heshima yangu yote.

Ni kweli ld, programu ya kuunganisha, inasoma kushoto kwenda kulia, ikikuta maktaba ya .a kabla hajatokea aliyeomba kitu inaipita tu. Kunieleza hivyo kungempunguzia nini? Herufi L mpaka sasa inateleza. Na huyu mnamwita mhandisi!

Mgomba Mkavu: Siku mbili kwa mpangilio wa -l? Mkuu, mwenye chapati hana kosa.

Bi Shuka: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Vijana walikuwa wanne kweli au umepunguza?

Kamba Tatu: Tumia -output-complete-obj, ranitaimu, ile kodi ya OCaml ya kuendeshea programu iliyo kwenye libasmrun, inaingia humo humo, libasmrun huihitaji tena. -lm, maktaba ya hesabu, usiisahau, nayo mwisho.

Mleta uzi: Kamba Tatu asante, hivi ndivyo mtu anavyoelekezwa. Mgomba, wewe hukuwepo, hukusikia ile sauti yake.

Pweza Kavu: Hiyo ya kwako afadhali. Mimi nilitaka .so, maktaba inayopakiwa programu ikianza, nikaambiwa "recompile with -fPIC" wiki nzima, yaani nikompaili upya iweze kukaa popote kwenye memori. Kumbe libasmrun_pic.a, iliyokwisha kukompailiwa hivyo, iko folda ile ile, inanitazama tu.

Jogoo la Shamba: Nyote mna raha. Nilipanda kwenda toleo la OCaml 5.1.0, ld ikaanza kunidai ZSTD, maktaba ya kubana data. Zstd mimi naijulia wapi? Nikaongeza -lzstd. Ilipotoka 5.1.1 wakaondoa deni lenyewe, mimi nimeshapigana na bosi.

Mgomba Mkavu: Ulipigana kweli?

Jogoo la Shamba: Kwa maneno. Ila meza ilisogea.

Bi Shuka: Wa kwangu anakula samaki kwenye kompyuta ya ofisi. Samaki! Kibodi ina miba.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, kaniambia mbele ya watoto wa watu

Pweza Kavu: Bi Shuka, samaki gani, wa kukaanga au wa nazi?

Bi Shuka: Wa nazi. Rojo limeingia mpaka kwenye Enter.

Kamba Tatu: Ofisi gani hiyo, wanaajiri?