Vipleya vya mazoezi Tanga ni "waja leo waondoka leo". Acheni kutuuzia namba za uongo!

PwaniMbio (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Leo nina hasira, mnivumilie.

Vipleya vidogo vya MP3 vya kubana kwenye fulana, vile vya kukimbilia, kuendeshea baiskeli na kuogelea, vimejaa Ngamiani kila barabara. Kila boksi lina namba tatu za kuvutia: GB 64, masaa 40, na picha ya tone la maji. Zote tatu uongo, kwenye boksi moja! Na muuzaji anajua, maana ukimwambia "lete laptopu tukijaribu hapa hapa" anageuka mbogo: "Bosi, ukifungua boksi umenunua." Sokoni samaki tunamfunua mashavu kabla ya kutoa hela na hakuna anayegomba. Kipleya kina nini hata kisifunuliwe?

Tuanze na GB, maana huu ndio wizi mkubwa. Chipu ya kumbukumbu iliyomo ni ndogo, mara nyingi GB 4 au 8. Kinachodanganya ni kidhibiti chake, kimeandikwa upya ili kompyuta ikiuliza kijibu "64". Kompyuta haina mkono wa kupapasa ndani, inaamini. Unanakili nyimbo, zinaingia bila lawama. Ukishapita GB 8 za kweli, data inayofuata ama inatupwa, ama inarudi mwanzo na kuandikwa juu ya zile za kwanza. Majina ya nyimbo unaendelea kuyaona yote, kwa sababu orodha ya mafaili hukaa mwanzoni mwa kumbukumbu, sehemu ambayo ipo kweli. Kwa hiyo kwa nyimbo za MB 4, kama 2,000 za mwanzo zinalia vizuri, zinazofuata ni kimya, au mkwaruzo, au kipleya kinaganda mpaka betri iishe. Halafu watu wanaambiana "kimeingia virusi". Virusi gani? Mmeibiwa.

Kupima ni hivi. Kwenye Windows kuna programu inaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3, zote za bure. Futa kila kitu kwenye kipleya kwanza, kichague, kisha iambie iandike na kuhakiki. Inajaza mafaili ya GB 1 moja moja yenye data inayoijua, halafu inayasoma yote kuona kama yamerudi vile vile. Tatizo ni muda. Kipleya cha bei poa kikiandika MB 4 kwa sekunde, GB 1 ni dakika nne na ushee, GB 64 ni masaa manne na nusu. Hakuna atakayekukalisha dukani hivyo. Lakini H2testw inakuruhusu kutaja kiasi: andika MB 9,000 tu. Kuandika ni kama dakika 40, kusoma juu yake. Vile vya GB 8 vinaumbuka hapo hapo. Kikifaulu bado hakijatoka jela, huenda ni 16 kimevaa 64, kwa hiyo umalizie nyumbani usiku huo huo, na risiti iwe imeandikwa kwa kalamu "kurudishwa ndani ya siku mbili kikipungua GB". Asipokubali kuandika sentensi hiyo, ameshakujibu.

Haki yao nayo tuiseme: kifaa halali cha GB 8 kitaonyesha 7.4 hivi, maana mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na kompyuta kwa 1,024. Usimgombeze mtu kwa hilo.

Masaa 40 sasa. Betri za humo ni vipakiti bapa vya lithiamu vyenye namba iliyochapwa juu, na namba hiyo si urembo. 402030 maana yake unene mm 4, upana mm 20, urefu mm 30, na betri ya ukubwa huo hubeba kama mAh 200 (mAh ndicho kipimo cha chaji inayoingia). Ukikuta imebandikwa "mAh 1000", hizo 800 zimekaa wapi? Tuchukulie kipleya kinakula umeme wa mA 20: 200 gawa kwa 20, masaa 10. Ili kifike 40 inabidi kile mA 5, huku skrini ya rangi inawaka na Bluetooth iko hewani. Thubutu! Masaa 8 mpaka 10 yanamtosha kabisa mtu wa mazoezi, sasa kuna haja gani ya kudanganya?

Na hili tone la maji ndilo linalonichemsha zaidi, kwa sababu mji wetu ni wa bahari na jasho. Alama ya kweli inaandikwa IP na namba mbili. X badala ya namba ya kwanza maana yake vumbi halikupimwa. IPX4 ni kurushiwa maji kutoka pande zote, yaani jasho na manyunyu, basi. IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, maji baridi yasiyo na chumvi, yametulia. Hakuna wimbi, hakuna kupiga mbizi, hakuna chumvi. Bahari yetu ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Picha ya tone bila namba haina maana yoyote, ni mchoro tu. Kigeuze kipleya: kina tundu la memori kadi lisilo na kifuniko, kitobo cha spika, na tundu la jeki liko wazi kama pango la Amboni, halafu boksi linasema "kuogelea". Tundu zote tatu zimeachama, maji yaombe ruhusa kwa nani?

Mwisho kwa leo, vile vidude vya mraba vyenye duara la vitufe vinavyouzwa kama "iPod Shuffle orijino". Apple waliianza Shuffle 2005, ya kibanio ikaja 2006, na wakaacha kuitengeneza 2017. Shuffle halisi haikuwahi kuwa na tundu la memori kadi wala skrini. Ukiona tundu la kadi ubavuni, mazungumzo yameisha. Sisemi kiigizo hicho hakifai, kwa bei yake kinakimbiza mtu vizuri tu. Ila kiuzwe kwa jina lake.

Tume ya Ushindani ipo, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Lakini bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, utaenda kulalamika na nini mkononi?

Duka_la_Kona

Mkuu usitutupe wote kapu moja. Sisi rejareja mzigo tunaupokea ukiwa umefungwa katoni, hatuandiki hayo maboksi. Mteja mwenyewe akiambiwa hiki cha GB 8 na kile cha 64 kwa bei ile ile, anakimbilia 64. Ukiwa mkweli unalala njaa.

PwaniMbio (mleta uzi)

Nakuelewa ndugu yangu, lakini katoni moja ina vipleya vingi. Fungua kimoja, kipime usiku kikiwa kimechomekwa, asubuhi unajua katoni nzima. Halafu uza kwa namba uliyoiona. Hata kile feki kinaokoleka: H2testw ikikuambia zilizo nzima ni GB 7.4, unatengeneza patisheni, yaani kipande kilichotengwa, ya GB 7 tu mwanzoni mwa kumbukumbu, unaifomati kwa mfumo wa mafaili wa FAT32, sehemu ya uongo inabaki haiguswi. Vingi vinakubali. Ukikiuza kama cha GB 7 nani atakurudishia?

FundiNaniliu

Mleta uzi umemaliza GB, niongeze yanayoletwa mezani kwa mafundi.

Kwanza, "hakiingizi chaji". Vipleya vipya vina tundu la Type-C, lakini kiwandani wamebana matumizi, hawakuweka zile rezista mbili za kilo-omu 5.1 kwenye CC1 na CC2, pini za tundu hilo zinazoijulisha chaja. Bila hizo, chaja yenye Type-C pande zote mbili haioni kama kuna kitu kimechomekwa, haitoi umeme. Kipleya ni kizima. Tumia waya wenye USB ile pana upande wa chaja, kitachaji. Watu wanatupa vitu vizima huku.

Pili, kukatakata ukikimbia. Kumbukumbu ya chipu hairuki kama CD za zamani, hakuna kinachozunguka ndani. Kikikatika kwenye mashimo ya barabara kosa ni moja kati ya mawili: jeki imelegea au kadi inacheza kwenye tundu lake. Dukani chomeka hedifoni, cheza wimbo, izungushe jeki taratibu kati ya vidole, halafu kipige kipleya kwenye kiganja mara tano sita. Sikio moja likipotea, kiache. Chagua hedifoni zenye jeki iliyopinda kama herufi L, haikamuliwi ukikaa kwenye baiskeli. Na kama unabana kolani, waya wa sm 60 unatosha, ule wa mita 1.2 unanasa mkononi na kuing'oa jeki.

Tatu, kibanio. Angalia springi: ya chuma inayoonekana, au ni plastiki iliyopindwa tu? Ya plastiki inachoka kwa joto letu, siku moja unakiokota Barabara ya Pangani kimepondwa na daladala.

Vitufe vya kubonyeza, tafadhali, visivyo vya kugusa. Kidole chenye jasho kwenye skrini ya kugusa kinaongeza sauti badala ya kubadili wimbo. Na kiwe na swichi ya kufunga vitufe.

Betri ikivimba utaona skrini inanyanyuka au ganda linaachana pembeni kama mdomo wa chaza. Usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe, inawaka moto. Kinachoivimbisha mara nyingi ni kuchaji mpaka 100% kisha kukiacha kwenye jua, dirishani au mbele ya bajaji. Kama utakiweka bila kutumia, kiwe kwenye nusu ya chaji.

Mzee_wa_Simu

Sasa yakhe tabu yote ya nini? Simu si ipo?

PwaniMbio (mleta uzi)

Simu ina gramu 180 au 200, inakupiga paja kila hatua, na jasho linaingia tundu la chaji. Kipleya kidogo ni gramu 15 mpaka 30, ukikidondosha roho haikutoki. Ila kama unatembea tu kutoka Chumbageni hadi sokoni, simu inatosha, usiingie gharama.

Raskazone_Alfajiri

Kwa waogeleaji mniruhusu nikoleze. Bluetooth inatumia mawimbi ya GHz 2.4, na maji yanayameza. Chini ya maji mawimbi hayo yanakufa ndani ya sentimita chache, kwenye chumvi ndiyo kabisa. Kwa hiyo kuacha kipleya kwenye taulo ufukweni huku umevaa hedifoni za Bluetooth majini ni kazi bure, hata boksi liandikwe toleo gani. Cha kuogelea ni lazima nyimbo ziwe ndani ya chombo kilicho kichwani chenyewe. Vipo vya kuvaa nyuma ya kichwa, kama Sony NW-WS413 ya GB 4 ambayo watengenezaji wenyewe wanasema inastahimili maji ya chumvi hadi mita 2. Tafuta maneno hayo, "maji ya chumvi", kwenye karatasi ya ndani. Kama hayamo, usivuke nacho hata nusu ya njia ya kisiwa cha Toten.

Ukitoka majini: suuza kwa maji baridi ya bomba, futa, acha kivulini kikauke mpaka vile vyuma vya kuchajia viwe vikavu kabisa, ndipo uchaji. Ukichaji na chumvi juu yake, umeme unavila vyuma vile. Utaona kutu ya kijani, baada ya wiki chache chaji haishiki. Kukifukia kwenye mchele hakuondoi chumvi, na feni ya kukaushia nywele inalegeza gundi ya mipira ya kuzuia maji.

Hata nchi kavu Bluetooth ina mambo yake. Mwili wako ni maji pia. Ukikibana kiunoni kushoto na sikio linalopokea liko kulia, kitakatika. Ndani ya duka kinashika vizuri kwa sababu kuta zinarudisha mawimbi. Pale Raskazone uwanda uko wazi hakuna pa kugonga, ndipo kinapoanza kukwama. Kijaribuni nje, barabarani, kikiwa mahali mtakapokivaa.

Mwanamkonge

Wanaoendesha baiskeli, sikio moja tu jamani, la upande wa kando ya barabara. Lile la upande wa magari libaki wazi. Na hizi hedifoni za mpira zinazoziba kabisa hazifai njiani, pikipiki husikii mpaka iko ubavuni.

Swali kwa fundi: kadi ya GB 64 ikiingia kwenye kipleya changu kinasema hakuna kadi. Na nyimbo zinajipanga hovyo, sura za mawaidha zinaanza ya 7 halafu ya 2.

FundiNaniliu

Kadi za kuanzia GB 64 zinatoka kiwandani na mfumo wa exFAT, vipleya vingi vya zamani vinajua FAT32 tu. Ifomati FAT32. Windows kwa kawaida inakugomea kupita GB 32, tafuta programu ndogo ya guiformat. Ila soma kikomo cha kipleya kwanza, vingine mwisho ni 32 na hakuna dawa.

Mpangilio: kipleya cha bei poa hakisomi majina, kinafuata mafaili yalivyoingia. Futa folda, panga kwenye kompyuta kwa jina, anza majina na 01, 02, 03, kisha nakili moja moja kwa zamu au folda nzima mara moja bila kuchanganya. Na sura ikigoma kulia kabisa, angalia kama ni MP3 kweli. Faili nyingi za kudaunilodi kwenye simu ni M4A zilizobadilishwa jina mwishoni tu, kubadili jina hakuzigeuzi. Zigeuze kwa programu iwe MP3 ya kbps 128, kiwango kisichobadilika. Dakika moja inakula kama MB 1, mawaidha ya saa nzima ni MB 58 hivi. Nyimbo za kulipia zilizohifadhiwa ndani ya programu za simu sahau, zimefungwa, hazihami.