Umungu ni Mungu? Gilbert wa Poitiers alionewa au alistahili kuhojiwa?

Wakuu, salaam. Mwaka 1148 kule Reims, Ufaransa, Askofu Gilbert wa Poitiers alisimamishwa mbele ya Papa Eugenio III kwa sababu ya maneno mawili ambayo Mswahili huyatenganisha kwa herufi moja tu: Mungu na umungu. Waliomshitaki ni mashemasi wakuu wawili wa jimbo lake mwenyewe.

Akifafanua maandishi ya Boethius, mwanafalsafa Mkristo wa Roma wa karne ya sita, Gilbert aliitazama imani kwa jicho la sarufi. Mtu ni mtu kwa utu, cheupe ni cheupe kwa weupe. Basi Mungu ni Mungu kwa umungu. Sasa ukisema "umungu ni Mungu" hivihivi, umungu ambao Baba, Mwana na Roho wanao mmoja, utasemaje Mwana peke yake ndiye aliyetwaa mwili?

Mimi nasema alionewa. Bernard wa Clairvaux, abati mwenye sauti kubwa aliyempinga, aliwakusanya maaskofu wa Ufaransa pembeni, wakatunga ungamo la imani kesi ikiwa bado mezani. Makardinali walikasirika, na haki yao.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, siasa ilikuwepo, sikatai. Lakini hoja ya Bernard hujaigusa. Kama kinachomfanya Mungu awe Mungu si Mungu mwenyewe, basi kipo kitu anachokitegemea, na kitu hicho kitakuwa kikubwa kumzidi. Binadamu anaweza kupungukiwa utu akabaki mtu (mtaani kwetu wamejaa). Mungu apungukiwe umungu abaki nani?

Mchangiaji wa pili: Mmeliruka neno gumu zaidi: nafsi. Augustino, yule mwalimu wa kale wa Kanisa, alishakiri kwamba tunasema "nafsi tatu" ili tusikae kimya tu, si kwamba neno linatosha. Wagiriki walisema hypostasis tatu. Walatini wakilitafsiri kipande kwa kipande wanapata substantia ("kilichosimama chini"), ambayo kwao ni kiini cha kitu, na substantia tatu kwao ni miungu watatu! Wakashika persona, ndiyo "nafsi" yetu. Sisi nafsi tumeichukua kwa Waarabu, ilhali Wakristo Waarabu wenyewe husema uqnum. Mwambie mtoto wa katekisimu "nafsi ya tatu" uone kama hatakujibu "yeye, wao". Ila tusijicheke, maana persona nayo ilifanya kazi hiyohiyo katika sarufi ya Kilatini.

Mwanzisha mada: Wa kwanza, hapo umenibana kidogo. Lakini Gilbert mwenyewe alifundisha kwamba maneno ya viumbe yakihamishiwa kwa Mungu hayaendi na kipimo kilekile. Kwa hiyo huo utu na weupe ulikuwa ngazi tu. Bernard aliishika ngazi akadhani ndiyo nyumba.

Halafu tazameni mwisho wa kesi. Abelard, mwanateolojia mwingine wa zama zilezile, kule Soissons mwaka 1121, alilazimishwa kukitupa kitabu chake motoni kwa mkono wake. Gilbert alikubali kurekebisha chake, akarudi Poitiers, akafa mwaka 1154 akiwa bado askofu. Mzushi gani hurudishiwa jimbo lake? Wa kwanza, nakusubiri.